Kreta za mwezini si Menengai

Mwanafunzi wa Nakuru akipanda Menengai huoneshwa lile shimo la karibu kilomita 12 kwa 8, halafu mara nyingi huambiwa kwamba hata mwezini mambo ndiyo hayo hayo. Naona hapo tunampotosha. Menengai ni volkano iliyobomoka: magma (mawe yaliyoyeyuka) ilitoka chini, paa likakosa cha kulishikilia, likadidimia. Kreta za mwezini, karibu zote, zilichimbwa na mawe kutoka angani.

Jaribio la kuthibitisha hilo ni rahisi, ila hukosewa sana. Jaza unga wa ngano kwenye karai, kina kisipungue sentimita 8, kisha nyunyiza juu vumbi la makaa lililochekechwa mpaka weupe ufunikwe. Dondosha gololi kutoka kimo cha mita moja. Unga mweupe utaruka na kuacha michirizi juu ya weusi, kama michirizi ya Tycho, kreta yenye upana wa kilomita 85. Unga ukiwa haba, gololi hugonga bati na shimo hutoka bapa. Ukiirusha kwa upande, shimo hurefuka, na mwanafunzi makini atauliza mbona za mwezini ni duara. Swali zuri hilo! Gololi husukuma unga tu, lakini jiwe linalofika kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa sekunde hulipuka, na mlipuko husambaa pande zote.

Volkano zilikuwapo pia mwezini. Yale mabaka meusi ni lava iliyojaa kwenye mabonde yaliyochimbwa na mawe makubwa, na sehemu kubwa yake ina zaidi ya miaka bilioni 3.

Mwezi wenyewe, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ulitokana na vifusi vya Dunia changa kugongwa na sayari yenye ukubwa kama wa Mirihi, miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita. Mimi hunishawishi mawe: kilo 382 zilizoletwa na safari za Apollo za Marekani kati ya 1969 na 1972 zina oksijeni inayofanana mno na ya Dunia. Tena Mwezi una chuma kidogo, kwa kuwa chuma kingi kilikuwa kimeshazama kiinini mwa Dunia, na kilichorushwa zaidi ni miamba ya juu.

Kutazama, msingoje mwezi mpevu. Jua huupiga usoni na vivuli hupotea. Chagueni siku ya saba tangu uandame. Magharibi ikiingia, huku kwetu ikweta nusu mwezi huwa karibu utosini, kwa hiyo laleni chali na darubini ya macho mawili ya 10×50 (hukuza mara 10, lenzi za mbele ni milimita 50), viwiko vikiegemea kifua ili isitetemeke. Fuateni mpaka wa mwanga na giza, maana huko ndiko kingo za kreta huonekana wazi. Kesho yake mpaka utakuwa umesogea, na kreta nyingine zitakuwa zimejitokeza.