Kuendesha bila mzigo: Kilifi na Jinja juu ya tandiko moja

Kila nikituma picha nyumbani, jibu la kaka yangu ni lile lile: "Wewe umetoka baharini ukaenda kupanda vilima na baiskeli? Kwani huko hakuna magari?" Yapo magari, kaka. Yapo mengi, na nusu yake yanatoka kwetu, kama nitakavyokueleza. Lakini leo nataka nikujibu kwa kirefu, maana swali lako lina haki kuliko unavyodhani.

Mimi ni mtu wa Matsangoni, kaunti ya Kilifi. Nilikuja Jinja, Uganda, mwaka 2015 kufunga mashine kiwandani, kazi ya miezi sita, na mpaka leo sijaondoka. Jumapili napanda baiskeli, naendesha kilomita 60, 70, narudi nikiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Sikwenda kwa mtu, sikupeleka kitu, sikuleta kitu. Hilo ndilo linalomshangaza kaka.

Tena ukiangalia ramani, sisi wa Kilifi ndio tuliopendelewa. Anzia Vipingo, upite mkonge uliopangwa mistari hadi macho yakuchoke. Vuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 likatuondolea adha ya feri, uone mkono wa bahari chini yako kushoto na kulia. Mbele ni mikorosho, minazi na mibuyu, kisha unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto, zaidi ya kilomita za mraba 400, na kulia nyuma ya mashamba kuna hori la Mida na mikoko yake. Pita Gede, na hapo Malindi unainusa. Kutoka darajani ni kama kilomita 60, tambarare karibu yote. Bahari, shamba na msitu ndani ya asubuhi moja, bila kilima cha kukutoa machozi. Hata mimi nikiieleza namna hii najiuliza nafanya nini huku.

Sasa nikuulize na mimi. Ulishawahi kumwona mtu mzima wa kwetu akiipita njia ile kwa baiskeli kwa raha zake tu?

Baba yetu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alishuka Uyombo, ufukweni, na baiskeli yake ya Black Mamba, pakacha mbili nyuma, akawangoja wavuvi, halafu akawakimbiza samaki Gede kabla jua halijapanda. Nilipofika darasa la sita zamu ya Jumamosi ikawa yangu. Basi kwangu baiskeli ilikuwa harufu ya samaki isiyotoka shatini, maji ya samaki yakichuruzika hadi kwenye mnyororo, na matatu inayokupigia honi kwa nyuma ushuke mchangani. Ukishuka mchangani na mzigo ule, usukani hausikii la mtu. Nimeanguka mara nne, na mara zote nne niliwaokota samaki kwanza. Bahari yenyewe sikuiona njiani. Barabara kuu imepita juu huko, na kijia chochote kinachoteremka pwani siku hizi kinaishia kwenye ukuta, geti na bawabu. Mwanamume akionekana anakanyaga kwa kasi na keria yake tupu, Matsangoni watauliza swali moja: kuna msiba wapi?

Jinja nilinunua baiskeli kwa sababu ya nauli. Chumba nilichopanga kilikuwa mbali na kiwanda, na boda zilikuwa zinanimaliza. Nikapata ya mtumba kutoka Ulaya, tairi nyembamba, gia 14, tandiko gumu kama mbuzi ya kukunia nazi. Jumapili moja nilikuwa nimetoka kutia mnyororo mafuta, sina pa kwenda, nikavuka juu ya bwawa la Nalubaale nione ng'ambo kuna nini. Nilikuja kusimama Kangulumira.

Njia hiyo ni ya lami. Inatoka Njeru kuelekea Kayunga, na Mto Naili unakuchungulia mara moja moja upande wa kulia, katikati ya miti. Kangulumira ni nchi ya mananasi. Yamelundikwa kando ya barabara kama mawe ya kujengea, na ukisimama tu unakatiwa moja, unakula ukiwa umeinama mbele ili maji yasikuharibie shati. Niliporudi jioni, mwenye nyumba aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia. Akauliza kufanya nini. Nikakosa jibu, na kukosa jibu kule kulinifurahisha kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri.

Lakini njia ninayoipenda kuliko zote iko kusini: kupitia Nyenga na Buikwe hadi Kiyindi, kwenye Ziwa Victoria. Hapo lami naiacha, nashika vijia vya marram nyekundu, na njia yenyewe haipiti kando ya mashamba, inapita ndani yake. Migomba na mibuni inakugusa mabega. Mbuzi amefungwa, kahawa imeanikwa juu ya turubai, mtoto anakimbia na wewe hadi mwisho wa shamba lao halafu anasimama kana kwamba kuna mpaka. Wenye mashamba huniambia kwa Kiganda "gyebale ko, ssebo", yaani asante kwa kazi, bwana. Nimejaribu kuitia salamu hii kwenye Kiswahili nikashindwa. Sisi tunasema "pole na kazi", tunamsikitikia mtu. Wao wanamshukuru. Mtu ameinama na jembe lake tangu alfajiri, anainua kichwa anakushukuru wewe unayecheza na baiskeli!

Mwanzoni nilikuwa najibu kwa Kiswahili. Mzee mmoja Buikwe akasimama wima, akaweka jembe chini, akaniuliza kwa adabu kama mimi ni mwanajeshi. Kiswahili huku kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kambini na ya kituo cha polisi. Tangu 2005 katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, ila katiba haijafika migombani. Siku hizi nasema "kale, nawe gyebale," nikishapita ndipo najisemesha Kiswahili peke yangu.

Ziwa nililidharau, nikiri. Maji gani yasiyo na chumvi, yasiyopwa wala kujaa? Nilipoteremka Kiyindi mara ya kwanza nikakuta mukene, hawa dagaa wa ziwani, wameanikwa mpaka chini hapaonekani, kina mama wanawageuza, na kijana anafunga gunia kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu iliyokatwa. Harufu ile ikanishika shingoni. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikamtazama kijana anavyofunga. Alifunga vibaya, mzigo umelalia kulia. Nikanyanyuka nikamfungia upya bila kuulizana, yeye akashika huku, mimi nikavuta huku. Akanitazama mimi, akaitazama baiskeli yangu isiyobeba kitu, akacheka.

Kurudi kupitia Mabira ni habari nyingine. Kutoka Lugazi unaendesha katikati ya miwa, jua linakupiga utosini, halafu miwa inakoma na msitu unaanza. Ukiwa ndani ya gari huwezi kujua. Kwenye baiskeli ni kama umefungua mlango wa chumba cha udongo: jasho linakupoa mgongoni kwa mara moja. Msitu huu una kilomita za mraba kama 300. Mwaka 2007, serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 zake zilimwe miwa, watu waliandamana Kampala na wengine wakapoteza maisha, na mpango ukawekwa kando. Nikiwa nimetulia pale kivulini huwa nawaza Sokoke yetu ikiguswa, nani wa kwetu angeingia barabarani. Sina hakika kaka angeingia. Mimi pia sina hakika.

Ubaya wa Mabira ni barabara yenyewe. Ndiyo njia kuu ya kwenda mpakani Malaba, na malori yote ya kontena na matangi ya mafuta yanapita hapo, mengi na namba za Kenya. Mzigo umeshushwa bandarini Mombasa, umesafiri zaidi ya kilomita elfu moja, uje unitupe mimi mtu wa Kilifi mtaroni! Siku moja dereva alinipita kwa upana wa kiganja, nikamsikia utingo wake akitukana Kiswahili safi kabisa cha Mombasa. Nilikasirika, na bado nikatamani asimame tuongee. Hapo Najjembe, ndani ya msitu, ndipo napumzika, kwenye kuku wa vijiti na gonja, ndizi za kuchoma. Wauzaji hukimbilia madirisha ya mabasi. Mimi sina dirisha, kwa hiyo wananizunguka pande zote.

Sisemi basi kwamba Uganda inaiheshimu baiskeli. Neno boda boda lilizaliwa na baiskeli, huko mpakani Busia miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakivusha abiria kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha pili. Leo pikipiki zimelichukua neno, na barabara pia. Kampala siendeshi hata kwa kulipwa. Na upande wa Kakira, matrekta ya miwa yanavuta matela manne yakiyumba, watoto wananing'inia nyuma wakichomoa miwa, na wewe uko katikati ya hayo yote. Wazee wa Busoga wanalalamika kwamba miwa imemeza mashamba ya chakula. Ukipita kwa baiskeli unaona wanachosema: unaweza kukanyaga muda mrefu sana bila kuona mgomba mmoja.

Kuna na Kalangala, visiwani ndani ya ziwa lile lile. Nilikwenda mara moja, na feri ya Bukakata isiyotoza nauli. Nikiwa kisiwani Bugala niliona kwa mbali vichwa vya minazi, moyo ukaruka. Kusogea, ni michikichi, mistari kwa mistari, pale palipokuwa na msitu. Niligeuza baiskeli.

Kitu ambacho Uganda haiwezi kunipa ni upepo. Huku unapigana na kilima, na kilima hakina msimu. Kwetu kusi ikishika, ukitoka Kilifi kwenda Malindi unasukumwa kama ngalawa, mguu unazunguka wenyewe. Baba aliujua upepo kama nahodha. Msimu wa kusi alikubali kununua samaki mbali zaidi kusini, kwa kuwa mzigo ungerudi na upepo.

Kwa hiyo kaka, sifa si ya vilima. Nimewaza sana nikiwa juu ya tandiko, na naona ni ugeni. Huku hakuna anayemjua baba yangu, hakuna anayengoja samaki. Wanaponiona na keria tupu wanasema "Mukenya," wanacheka, yamekwisha. Nyumbani ningehitaji sababu. Ilibidi nivuke mpaka ndipo niruhusiwe kuendesha baiskeli bure, na sidhani ni haki, maana njia nzuri zaidi ni ile yetu.

Mwaka juzi nilijaribu kuja na baiskeli yangu. Kampuni moja ya mabasi ikaniahidi kwamba itasafiri imesimama, nikaipokea Mombasa rimu ya mbele imekuwa umbo la nane. Safari hii nitaifungua magurudumu na kuibeba ndani ya gunia la mukene, nimeshalipata. Nakuja Disemba. Nitapitiliza na matatu hadi Malindi, nianzie huko kuja kusini, kwa sababu Disemba ni kaskazi na sitaki kupigana nayo. Matsangoni nitapita kama saa nne asubuhi. Wakikuuliza kuna msiba wapi, waambie hakuna.