Sikukimbia, Nilienda Kuchukua Mwavuli

Kwanza kabisa: sikukimbia. Nilienda kuchukua mwavuli.

Nalisema hili mapema kwa sababu jirani yangu, ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja na urafiki ambao tangu Jumamosi uko rehani, ameshatupia video kwenye kundi la mtaa na chini yake kaandika "Baba Imani akitimua mbio". Video yenyewe imeanzia katikati. Haina chanzo, haina sababu, ina kisogo changu tu kinapungua ukubwa. Sasa tulieni.

Mnajua nauza nyumba ya Tabata. Mmeiona humu jukwaani mpaka mmechoka. Kule Chanika nimepandisha boma hadi kwenye lenta, bati zinanitoa jasho, ndiyo maana.

Wa zamani humu mnaukumbuka pia ukuta wangu wa mbele. Mwaka 2019 alikuja kijana na kirikuu, kapakia godoro, kabati na jiko la gesi, mkononi ana mkataba. Kauziwa nyumba yangu na mtu ambaye mpaka leo simjui. Alilia pale kibarazani mpaka Mama Imani akampikia chai. Kesho yake nikanunua kopo la rangi nyekundu, ile ya mafuta, nikafanya kama wafanyavyo watu wa Dar: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Chini yake namba ya simu. Namba ya Mama Imani, maana simu yangu enzi hizo ilikuwa haikai na chaji.

Miaka yote hii akipigiwa ana jibu moja, halina nukta ya kupungua: "Nyumba haiuzwi, aliyekwambia inauzwa ni tapeli, na namba yako naipeleka polisi." Anakata. Nilimfundisha mwenyewe. Nilimsifu mwenyewe.

Alhamisi fundi rangi akaja kuutazama ukuta. Akasema rangi ya mafuta haifunikwi kienyeji, inataka ikwanguliwe kwa msasa, ipigwe praima, ndipo ipakwe mikono miwili. Laki na ishirini, vifaa juu yangu. Nikamwambia nitakutafuta. Ijumaa usiku nikakoroga mfuko wa chokaa kwenye ndoo ya kufulia, nikapaka mwenyewe kwa tochi ya simu. Asubuhi ukuta mweupe kama kanzu ya Idi. Nikawatumia picha, mkasema "safi sana mkuu". Kwa hiyo hili tunalibeba wote.

Ndani nako nilijiandaa. Ule ufa wa chumbani nikauning'inizia kalenda. Nyumba nzima nilipata kalenda moja tu kubwa ya kutosha, ya 2021. Mama Imani nikamweka jikoni achome vitumbua, nyumba inukie.

Saa nne wakafika. Mzee mmoja mstaafu, suruali ina mkunjo wa pasi wa kukatia nyanya. Binti yake, mkoba mweusi, maneno hana. Na dalali wangu, ambaye tangu juzi alikuwa amenipa sharti moja tu: usiongee, mambo ya bei niachie mimi. Shikamoo, marahaba, karibuni sana, tukaingia.

Mzee akaketi, akatazama dari, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo hiyo tisini na tano haipungui kabisa?"

Mimi, kwa roho nyeupe: "Mzee wangu, tisini na tano ya nini tena? Mimi nauza themanini!"

Dalali alikohoa. Alikohoa mpaka kuku wakatoka uani. Milioni 15 ya cha juu, ile dalali anayoiongeza kimyakimya juu ya bei ya mwenye nyumba, ilifia pale sebuleni, na mimi ndiye niliyeishika shingo. Nilikuwa sijui kama kaweka cha juu, jamani. Nyie mnaosema kila dalali anaweka, mlikuwa wapi?

Wakati huo binti alikuwa chumbani. Namwona kupitia mlangoni, kasimama mbele ya 2021. Akaifunua kwa kidole kimoja. Akaufuata ufa kwa macho kutoka chini hadi darini. Kisha akairudisha kalenda taratibu, kama mtu anayemfunika marehemu. Akatoka bila neno.

Hapo mtu mwenye akili angesema karibuni vitumbua, tuonane siku nyingine. Mimi nikawatoa nje tukaangalie mipaka.

Novemba hii, mvua za vuli haziombi ruhusa. Ilishuka kwa mkupuo mmoja. Mzee, binti na mimi tukakimbilia chini ya mwembe, nyuso zetu zinaelekea ukutani. Dalali akaona mwembe uko mbali, akajibanza upenuni, mgongo kaegemeza kwenye chokaa. Na juu yake, gata langu lina tundu.

Hapa naomba twende polepole, maana mimi mwenyewe nikifumba macho usiku ndivyo linavyokuja.

Ukaanza mchirizi mmoja, mweupe kama tui, kutoka tunduni hadi begani kwa dalali. Nikajisemea ni vumbi. Mzee alikuwa anasimulia habari za korosho zake. Mchirizi wa pili. Kisha, kiganja kimoja hivi juu ya kichwa cha dalali, pakatokea kitu chekundu, kama kidonda. Kikarefuka. Ikawa M.

Nikaanza kusifia shule zilizo karibu.

A. T. "Na daladala mzee hapa ukitoka tu, huvuki hata barabara." A. P. Binti alishaacha kunisikiliza, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesoma kibao cha mbali. E. L. Dalali anatupungia mkono, tabasamu lote la biashara liko usoni, hajui. I. Akawa kasimama pale, shati linameta kwa chokaa, na juu ya utosi wake, katikati kabisa kama jina la mgombea kwenye bango: MATAPELI.

Mzee akasema, "Alaa."

Mvua nayo haikutaka kuniacha nusu. OGOPA ikaja bila taabu. NYUMBA HII ikafuata. Lile neno lililobaki likachelewa, nikapata kama sekunde tano za kumshukuru Mungu, maana pale nilikumbuka nilipaka mikono mitatu. Ikaporomoka yote kwa mpigo, kama shuka linavyovutwa kitandani. HAIUZWI. Nilikuwa nimesahau jinsi nilivyoikoleza ile Z.

Namba ya simu ikatoka mwisho, tarakimu zote kumi, utadhani zimepakwa asubuhi ile.

Binti akatoa simu. Akasoma, akabonyeza, akasoma, akabonyeza. Akaweka sauti ya nje. Nikaomba kimoyomoyo chaji ya Mama Imani iwe imeisha.

Jikoni kukaita.

Muelewe: Mama Imani alijua tunauza, na wageni alishawasalimia. Lakini mvua iko juu ya bati, mafuta yanachemka, simu kaibana kwa bega, na lile jibu siku hizi linatoka lenyewe.

"Halo!"

"Halo mama, habari za saa hizi. Naulizia nyumba ya Tabata."

"Nyumba haiuzwi, aliyekwambia inauzwa ni tapeli, na namba yako naipeleka polisi."

"Mama, niko hapa nje kwako. Nimesimama na mumeo."

"Ndivyo mnavyosemaga wote!" Akakata.

Mvua peke yake ndiyo ikawa inaongea. Mzee akanigeukia, si kwa hasira, kwa masikitiko kama ya baba. "Kijana wangu, wewe ndiye unayeuza au ndiye unayekataza?"

Nikamjibu, "Wote wawili, mzee." Haki ya Mungu ndivyo nilivyojibu.

Binti akafungua mkoba. "Mimi ni wakili," akasema kwa sauti ile ya nesi kabla hajachoma sindano. "Hii ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, huwezi kuiuza bila ridhaa ya mkeo. Unayo kwa maandishi?"

Nikanyoosha kidole jikoni. "Yeye hana tatizo, dada. Yuko radhi kabisa."

"Nimemsikia," akasema.

Ndipo nikaenda kuchukua mwavuli. Kwamba niliufuata nyumba ya nne ilhali wa kwangu uko nyuma ya mlango, hilo ni kati yangu na Muumba.

Yaliyobaki ni mafupi. Niliporudi walishaondoka, vitumbua wamefungiwa, mzee kavisifu. Jumapili binti kanipigia: wakija tena wakute hati mezani, ridhaa ya mke imesainiwa, ufa umezibwa, na mazungumzo yataanzia milioni 70. Akanikumbusha na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo mimi siku zote nilidhani ni ya wenye maghorofa. Nilitaka kununa, Mama Imani akaniuliza, "Una mnunuzi mwingine?" Sina. Fundi rangi kapandisha, sasa ni laki na nusu, anasema kwanza aikwangue hiyo chokaa. Mama Imani mwenyewe anataka nimwombe msamaha, kwa sababu alitekeleza maagizo.

Na dalali kanitumia ujumbe leo asubuhi. Hataki tena kazi yangu, ila anadai elfu nane za dobi kwa lile shati. Nimemwambia apige ile namba ya ukutani.