Madokta wa nyumbani na wa huku wote wamenichosha, ila si kwa njia moja

Jana nimekula mchana kwenye kimgahawa hapa Leicester, Uingereza, na kijana aliyekuja kutusikiliza, kabla hata sijafungua mdomo, akauliza kama kuna mtu mezani ana chakula kinachomdhuru. Nikamwambia nina siliaki. Hakushtuka, hakuniuliza ndo kitu gani hicho, akaenda jikoni akarudi kunambia samaki wa kuoka nile bila wasiwasi, ila chipsi niziache maana zinakaangwa kwenye mafuta yaleyale wanayokaangia samaki wa kupakwa unga wa ngano. Basi, akaendelea na kazi zake. Jamani nilitaka kumkumbatia. Kijana mdogo kabisa, kazi yake kubeba sahani, ana habari ya kitu ambacho madokta wa nchi mbili hakikuwajia kichwani huku nakonda mbele ya macho yao.

Najua kuna watakaosema ameanza huyu, kaenda Ulaya kapata ugonjwa wa Kiulaya. Subirini kwanza. Huu ugonjwa nilitoka nao Tanga.

Kwa ambao hawaujui, ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano) zina kitu kinaitwa gluteni, na mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka inaanza kuupiga utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo kuna vijinywele vidogo sana vya kunyonya chakula, vile vinalala, vinaisha, kwa hiyo unakula vizuri tu lakini mwili haupati. Si mzio wa kuvimba midomo. Huu unakula taratibu, miaka. Tumbo kujaa, kuharisha, mwingine kinyume chake choo kinafunga, damu kushuka, mifupa kuwa laini, mimba kutoka, watoto kudumaa, na wapo ambao tumbo haliwaumi hata siku moja wanachoona ni uchovu tu na damu ndogo.

Sasa nyumbani ilikuwaje. Mnajua wenyewe. Unaingia zahanati, hujakaa sawasawa kwenye kiti, damu kidogo, mkojo kidogo, majibu: una taifodi na UTI. Nani hapa hajawahi kuwa na taifodi na UTI? Mimi nimekuwa nayo tangu niko sekondari, na kila nikipimwa ipo, nikimaliza dozi ipo, nikirudi ipo. Kile kipimo cha taifodi kinachoitwa Widal kilibuniwa mwaka 1896, kinaangalia kingamwili, zile silaha za mwili za kupigana na ugonjwa, na kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu baada ya ugonjwa kuisha au zikatokana na ugonjwa mwingine kabisa, lakini sisi tunakisoma kama hukumu ya mahakama. Taifodi ikichoka wanahamia vidonda vya tumbo. Vidonda vikichoka, minyoo. Mfuko wa dawa unatoka nao mkubwa, rangi zote, na dokta anakwambia usile maharage, usile pilipili, usile ndimu, ule nini? Chai na mkate laini! Chapati laini! Yaani aliyenikataza maharage ndo alinisukumia ngano na mimi nikamshukuru nikaenda kununua mkate.

Mama yangu, ambaye hajasomea chochote cha hospitali, ndiye wa kwanza kuona. Kila Idi, tambi asubuhi, chapati mchana, maandazi jioni, mimi nalala kitandani siku inayofuata nimejikunja. Nikienda kwa bibi kijijini, ugali wa mhogo na samaki, wiki nzima mzima kama chuma. Watu walisema maji ya kisima cha bibi yananifaa. Mama akasema hapana, ni ngano, hii ngano haikutaki. Tukaenda kwa dokta, mama akaisema, dokta akacheka. Akamwambia mama ngano ndo chakula cha wagonjwa. Sijasahau uso wa mama pale. Alinyamaza, akashika mkoba wake, hakuisema tena.

Na hili linaniuma zaidi nikifikiria ilijulikanaje kwamba ngano ndo inaleta huu ugonjwa. Kulikuwa na dokta wa watoto Uholanzi, Willem Dicke, inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 mama mmoja alimwambia mwanangu nikimnyima mkate anapata nafuu. Yeye hakucheka. Alifuatilia miaka, na ile njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, vita ikiwa bado inaendelea, mkate ulipopotea Uholanzi wale watoto wagonjwa wake wakawa afadhali, mkate uliporudi nao wakarudi kuumwa, na mwaka 1950 akayaandika yote. Kwa hiyo dunia nzima ilikuja kujua kwa sababu dokta mmoja alimsikiliza mama wa mtu. Mama yangu alisema kitu hichohicho akachekwa.

Haya, nikaja Uingereza. Nikasema sasa nimefika kwenye vipimo. Hapa ndo wale mnaodhani huku ni peponi mnisikilize vizuri.

Kumwona GP, yaani dokta wa mtaani unakoandikishwa, unapiga simu saa 2 asubuhi kamili, wewe na mtaa mzima, ukipata bahati unapangiwa, na ukipangiwa una dakika 10. Dakika 10 za kueleza tumbo la miaka. Dokta anaangalia kompyuta. Unatoka mikono mitupu, hakuna mfuko, hakuna hata karatasi, unaambiwa kunywa maji, kula mboga za majani, rudi kama hali itaendelea. Mara ya kwanza nilisimama nje nimeshika mlango nikajiuliza hivi nimetibiwa au nimefukuzwa.

Baadaye wakapima wingi wa damu. Ripoti imeandikwa 84, nikashangilia, nikadhani ni asilimia, kumbe huku wanahesabu kwa lita na nyumbani tunahesabu kwa desilita, 84 yao ni ile 8.4 yetu. 8.4 kwa mwanamke asiye na mimba, damu ndogo mno! Nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Damu haipandi. Vikaongezwa. Haipandi. Dokta akasema nyinyi Waafrika mna selimundu, tukupime. Sina. Akauliza mara ya mwisho umeenda lini Afrika, labda minyoo. Sina. Hedhi nzito? Hapana. Basi ni msongo wa mawazo, kuhama nchi ni kugumu. Halafu nikaandikiwa kwenye faili kwamba nina tumbo linalovurugika tu lisilo na sababu maalumu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kusoma. Nikamwuliza, kwa adabu kabisa, dokta haiwezi kuwa siliaki? Akatabasamu. Akasema ule ni ugonjwa wa watu wa asili ya Ulaya, kwako wewe si rahisi. Na wakati huo mwongozo wao wenyewe wa matibabu wa Uingereza unasema mtu mwenye upungufu wa damu wa madini ya chuma usioeleweka apimwe siliaki, na mwenye hilo tumbo la kuvurugika naye apimwe siliaki. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Kipimo ni damu ya kichupa kimoja. Kipo, hakilipiwi pale, kiko kwenye kompyuta anayoitazama, ni kubonyeza tu. Hakubonyeza kwa sababu ya huyu aliyekaa mbele yake alivyo.

Hapo ndo tofauti yangu ilipo na siwezi kuiacha. Nyumbani dokta alinikubali kuwa naumwa tangu naingia mlangoni, hakuna siku niliambiwa ni mawazo yako, tatizo jina la ugonjwa alikuwa nalo mfukoni kabla sijamaliza sentensi. Huku jina wanalo, kipimo wanacho, mwongozo wanao, lakini mwili wangu ulionekana si mahali pa ugonjwa huo. Na mkiniuliza lipi linauma zaidi, la huku. Wa zahanati yetu anaona wagonjwa 60 kwa siku na hadubini moja. Huyu wa huku alikosa nini?

Aliyenitoa ni dokta kijana wa kushikia zamu tu, alisoma faili kuanzia mwanzo, kitu ambacho sikuwahi kumwona mtu akifanya, akauliza ulishapimwa siliaki? Nikalia palepale. Kwa wakati ule nilishaacha ngano kimyakimya kwa kufuata neno la mama na nilikuwa na nafuu, akaniambia kipimo kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza ukiwa unakula gluteni, ukiacha zinashuka, majibu yanaweza kuja safi na huku unaumwa. Nirudi kula, zaidi ya mlo mmoja kila siku, angalau wiki 6. Nilikula ule mkate kama adhabu. Damu ikarudi na majibu ya juu, nikapelekwa kwenye kamera ya tumboni, wanakupulizia kooni dawa ya ganzi yenye ladha ya ndizi, mrija unashuka, wanachuna vipande vidogo vya utumbo wanavipeleka maabara. Vijinywele vimelala chini. Siliaki.

Nikapiga simu nyumbani. Mama akauliza dawa yake ipi. Nikamwambia hakuna dawa, ni kuacha ngano, shayiri na rai mpaka kufa. Kimya. Halafu akasema, si nilisema.

Sasa na nyie wenye maneno. Eti Mwafrika hapati siliaki. Mwaka 1999 Wataliano walichapisha utafiti wa watoto karibu 1,000 wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi waliopo kambini Aljeria, wakakuta zaidi ya watoto 5 kwenye kila 100 wanao. Ulaya ni kama mtu 1 kwa 100. Afrika ndo inaongoza hapo! Mtasema hao ni watu wa kaskazini, weupeweupe. Haya, Sudan nako upo, madokta wao wanaujua. Na sisi wa pwani ambao bibi mmoja Mdigo, babu Mshihiri, mwingine kaja na jahazi kutoka Oman, tutaanza kuchambua nani damu yake safi ili tujue nani wa kupimwa? Hujapima watu halafu unasema hawaumwi.

Eti najidai, harusini nakataa sambusa. Mimi sijidai, na sambusa nazipenda kuliko wewe. Nikija Tanga shangazi ananiwekea chapati anasema moja tu haiui, na nikikataa anaumia kweli, naona, na mimi naumia. Lakini moja inanilaza siku kadhaa na inauchubua utumbo hata nisiposikia kitu. Viazi karai vimechovywa kwenye unga wa ngano. Uji wa lishe wengi wanachanganya ngano humohumo, na hata ukisaga mahindi yako matupu, mashine iliyotoka kusaga ngano ya mwenzako inakuchanganyia. Nikiuliza haya mnasema uzungu. Kijana wa mgahawani Leicester aliuliza mwenyewe.

Na bado nitawaambia kitu, hakuna jiko la kumfaa mwenye siliaki kama letu. Wenzangu wa huku wakipewa hii habari wanaomboleza kama msiba, maana kifungua kinywa chao ngano, mchana ngano, bia yao shayiri, na mkate wao usio na gluteni ni kidogo kama kipande cha sabuni na bei yake inakutoa jasho. Mimi nina ugali wa dona, wali wa nazi, mhogo wa nazi, ndizi, magimbi, vitumbua, mkate wa kumimina, vibibi. Mtaalamu wa lishe wa hospitali alinipa karatasi ya vyakula mbadala, nikamwandikia vya kwetu nyuma yake, akaomba apige picha. Siku ile nilitoka kifua mbele.

Ila kifua mbele hakimsaidii mdogo wangu. Ndugu wa damu wa mgonjwa, mzazi, mtoto au wa tumbo moja, nafasi yake ya kuwa nao ni karibu 1 kwa 10. Mdogo wangu yuko Tanga, mwembamba, damu haipandi, mimba zimemtoka, na wapo waliokwisha kumtaja mama mkwe kwa mambo ya giza. Wiki iliyopita kaenda hospitali. Kaniandikia majibu: taifodi na UTI. Nikatupa simu kwenye kochi.

Kwa hiyo mdogo wangu, nimekuandikia pembeni na naandika hapa ili wenye dada kama wewe nao wasome. Usiache ngano kwanza, najua inakutesa, endelea kula mpaka upimwe. Omba barua ya rufaa hospitali kubwa, kamera ya tumboni Muhimbili ipo, nauli nitatuma. Mwambie dokta, dada yangu wa tumbo moja ana siliaki, imethibitishwa, naomba na mimi nipimwe, na ripoti yangu unayo kwenye simu, mwonyeshe. Na nenda na mama. Akicheka, mama aiseme tena.