Developa anayeenda taratibu hajapitwa na AI

Siku hizi ukiingia kwenye kundi lolote la madevelopa, iwe WhatsApp iwe Telegram, hukosi mtu wa kusema kwamba developa (mwandishi wa programu) asiyeiachia AI imwandikie kila kitu keshapitwa na wakati, aanze kutafuta kazi nyingine mapema. Na wapo wa upande wa pili nao wana lao, kwamba anayeandikiwa na AI sio developa, ni mnakili tu, siku intaneti ikikata ataumbuka. Hao wa pili tuwaache kidogo maana yao ni majivuno zaidi kuliko hoja, sisi wengine tumenakili Stack Overflow, ule mtandao wa madevelopa kuulizana na kujibizana, miaka na miaka na hakuna aliyetuvua cheo. Ninaotaka kuwasemea leo ni watu wa tatu ambao hawasikiki kabisa. Ni yule developa ambaye AI anaitumia, ipo wazi hapo pembeni kila siku, ila kila mstari inaoutoa anausoma, anahoji, anafuta nusu, halafu siku ya kikao anaonekana mzito kwasababu mwenzake keshamaliza kazi nne yeye bado yuko kwenye ya pili.

Tuanze na wanaokimbia, wale wanaoiachia AI kila kitu, maana haki yao wanayo. Kuna jaribio la GitHub Copilot, AI ya kumwandikia developa programu, ambalo matokeo yake yalitoka 2023, walichukuliwa madevelopa 95 wanaojitegemea wakaambiwa waandike seva ya HTTP, programu ya kujibu maombi ya mtandaoni, kwa lugha ya JavaScript, wenye Copilot wakatumia wastani wa dakika 71 na wasio nayo dakika 161. Hiyo ni zaidi ya nusu ya muda imeokolewa, sio mchezo. Na hata bila majaribio ukweli huu tunauishi: kijana anayejifunza peke yake Singida, hana mkongwe wa kumuuliza, sasa hivi anauliza saa sita usiku na anajibiwa, tena kwa Kiswahili akitaka. Fomu, testi za kawaida, kusoma ujumbe wa hitilafu usioeleweka, kuhamisha kitu kutoka lugha moja kwenda nyingine, hayo yote mtu anayeyafanya kwa mkono leo anajitesa bure. Mimi regex, zile fomula za kutafutia maandishi, siandiki tena mwenyewe na sina mpango wa kurudi huko.

Ila itazame ile kazi waliyopewa. Seva ya kuanzia sifuri, hakuna mteja anayebadili mawazo, hakuna databesi ya mtu aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita bila maelezo, na mifano yake imejaa mtandaoni. Kazini unapewa kazi ya namna hiyo mara ngapi? (Na waliofanya utafiti wenyewe, baadhi ni watu wa Microsoft na GitHub, wenye bidhaa yao. Haibatilishi namba lakini ni vizuri kujua.)

Sasa kuna utafiti mwingine ambao kila nikiusoma unanisumbua, wa METR, taasisi ya Marekani inayopima uwezo wa AI, uliotoka Julai 2025. Walichukua madevelopa 16 wazoefu, watu ambao kwa wastani wamekaa miaka mitano kwenye miradi yao ya chanzo huria, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha, miradi mikubwa ya wastani wa mistari zaidi ya milioni, wakawapa kazi 246 za kweli kutoka kwenye miradi hiyohiyo, na kila kazi ikapangwa kwa bahati nasibu: hii ruksa AI, hii marufuku. Kabla ya kuanza waliulizwa wanatarajia nini, wakasema AI itawapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza wakaulizwa tena wanaonaje, wakasema imetupunguzia asilimia 20. Saa ilisema kazi zenye AI zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Watu wengi wanaibeba hiyo 19 na kukimbia nayo kama rungu, na hapo wanakosea. Vifaa vilikuwa vya mwanzoni mwa 2025, programu ya kuandikia ya Cursor na AI za Claude 3.5 na 3.7, tangu hapo vimebadilika sana, na waliopimwa ni watu 16 tu wanaoijua miradi yao kama nyumba waliyozaliwa. Ukiichukua hiyo kusema AI inamchelewesha kila mtu unadanganya. Mimi hiyo 19 hata isingenikosesha usingizi. Kinachonikosesha ni lile pengo kati ya alichohisi mtu na kilichosema saa, karibu pointi 40, na sio wanafunzi hawa, ni wakongwe, tena wameulizwa baada ya kuifanya kazi na sio kabla. Yaani mtu katoka kwenye kazi iliyomchelewesha, kachoka, na bado anaapa imemuwahisha.

Kwanini iwe hivo? Nadhani ni kwasababu kuandika tunakuhisi kama kazi na kusubiri tunakuhisi kama mapumziko. Unatupa prompti, yaani maelekezo yako kwa AI, mistari inashuka yenyewe, macho yanafurahi, dakika tatu zimeenda hujazihesabu. Unasoma, sio yenyewe, unarekebisha prompti. Hao wa METR walikubali chini ya asilimia 44 ya walichopewa na AI, maana yake zaidi ya nusu walikisubiri, wakakisoma, wakakitupa. Muda huo hauingii kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Kwahiyo mwenzako akisimama kwenye kikao akasema spidi yake imepanda mara tatu hadanganyi, hajui tu, na bosi naye hajui, ila bosi keshapunguza watu wawili na kufupisha tarehe kwa kutegemea hisia ile.

Ebu tushuke chini kabisa tuone yule mzito, anayesoma kila mstari wa AI, anafanya nini na muda wake, na nichukue kitu ambacho madevelopa wengi wa huku wamekigusa, malipo ya M-Pesa ya Kenya kupitia API ya Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu yako na M-Pesa. Unatuma ombi la STK push, mteja anatokewa na kisanduku cha PIN kwenye simu. Palepale seva yako inapata jibu lenye ResponseCode, na ikiwa 0 unaona maneno mazuri ya mafanikio. Ile sifuri sio hela. Maana yake ombi limepokelewa basi, mteja hata PIN hajaweka, pengine simu iko mfukoni. Habari ya hela inakuja baadaye kwenye anwani ya seva yako uliyoitaja kwenye ombi, humo kuna ResultCode: 0 kalipa, 1 salio halitoshi, 1032 kaghairi mwenyewe, 1037 simu haikupatikana. Sifuri mbili, moja ni ahadi na moja ni pesa.

Kodi (code, maandishi ya programu) inayoandika "imelipwa" kwenye sifuri ya kwanza inafanya kazi vizuri kabisa siku ya kuonyesha, kwasababu anayeonyesha ana salio na PIN anaweka. Ikienda kwa wateja wa kweli mtu anaghairi, bidhaa inatoka. Halafu kuna la pili, ile habari ya hela kwenye anwani yako ikija mara mbili je? Kama hukuangalia namba ya ombi kwamba ulishaishughulikia, mteja mmoja unamwongezea salio mara mbili. Na isipokuja kabisa kwasababu seva yako ilizima dakika ile? Inabidi uulizie mwenyewe hali ya muamala, kuna njia yake. Haya yote AI inayajua! Ukiiuliza inakuandikia vizuri pengine kukuzidi. Ila inabidi awepo mtu anayejua kwamba hapo pana swali, na huyo ndiye aliyekaa siku nzima kwenye kazi moja huku mwenzake anatiki ya nne.

Hilo halionekani mapema kwasababu kodi ya AI ikikosea haikosei kwa kelele. Kwenye dodoso la Stack Overflow la 2025 asilimia 84 walisema wanatumia AI au wanapanga kutumia, wakati huohuo wasioamini usahihi wake walikuwa 46 na wanaouamini 33, na kero iliyoongoza, iliyotajwa na asilimia 66, ni majibu yaliyokaribia kuwa sahihi. Iliyovunjika kabisa utaiona dakika ileile, iliyokaribia inapita kwenye testi zote, hasa kama na testi zenyewe umeandikiwa na AI hiyohiyo kutoka kwenye kodi hiyohiyo.

Na kuna dhuluma nyingine ndogo. Zile kazi nne za mwenzetu anayekimbia hazijaingia bado kwenye mfumo, zinasubiri mtu azipitie. Anazipitia nani? Mzito. Kwahiyo sehemu ya uzito wake ni spidi ya wengine imehamia mezani kwake. Daniel Stenberg, muasisi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni iliyomo karibu kwenye kila simu na gari, Januari 2026 alifunga mpango wa kuwalipa wanaoripoti mianya ya usalama, kwasababu ripoti za hovyo zilizotungwa na AI zilikuwa zinawamalizia muda timu yake. Lakini miezi michache kabla, Stenberg huyohuyo alimsifia hadharani mtafiti aliyewaletea orodha ndefu ya hitilafu za kweli zilizoibuliwa kwa vifaa vya AI, wakarekebisha makumi. AI huku na AI kule. Tofauti ni kwamba mmoja alisoma kabla hajatuma.

Mzito naye asijifiche nyuma yangu lakini. Wapo wanaosoma ukurasa wa matangazo ya harusi kwa makini yaleyale ya kusoma malipo, huo sio umakini ni woga au kutojua kuchagua, na bosi ana haki ya kukereka. Mahali pa kwenda taratibu hapajifichi: penye hela, penye ruhusa za nani aone nini, penye kufuta data, penye kitu ambacho kikishatoka hakirudi. Kwingine kote kimbia, iachie AI, angalia kama kinafunguka, endelea. Nikimpima developa leo sitahesabu kazi ngapi kamaliza wiki hii, nitamwambia achague sehemu moja aliyoandikiwa na AI anieleze ikikatikia katikati nini kitatokea. Wanaoweza kujibu wapo pande zote mbili, ila kwa nilivyoona mimi wengi ni hawa wanaoambiwa wamepitwa.

Halafu kuna la bei. Wateja wameshaanza: "Si mnatumia AI siku hizi, mbona bei ileile?" Wanaokimbia wamejibu kwa kushusha, na wakishashusha hawana tena muda wa kusoma hata wakitaka, inabidi wakimbie ili wale. Mimi naona ankara igawanywe tu. Kuandika skrini na fomu, sawa, punguza, ni haki ya mteja. Kuhakiki malipo yaliyoghairiwa, yaliyokuja mara mbili, mtandao uliokatika, na kukaa na mfumo miezi mitatu baada ya kuukabidhi, hiyo iwe na mstari wake na bei yake. Mteja akitaka kuuondoa mstari huo auondoe, ila asaini pembeni yake.