Homoni ya moyo na kongosho lililovimba

Kama hujawahi kuuguza mtu wa kongosho huwezi kujua yale maumivu yakoje. Shangazi yangu alikaa siku sita kitandani amejikunja, magoti yamegusa kifua, maana akinyooka tu yanamkamata kwenye chembe cha moyo yanapenya mpaka mgongoni, na matibabu yenyewe yalikuwa dripu, dawa ya maumivu na kusubiri. Na sio kwamba madaktari walizembea, hapana, mpaka leo hakuna dawa ya kuuzima ugonjwa wenyewe.

Ndo maana hii habari ya homoni ya moyo kujaribiwa kwa kongosho imenishika. Yani moyo nao unatengeneza homoni! Mwaka 1981 Adolfo de Bold, Muargentina aliyekuwa Kanada, alichukua nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, akaisaga, akawachoma panya wengine ule mchuzi wake, basi wakakojoa maji na chumvi kwa wingi. Homoni ikaja kuitwa ANP, watu wakaijua kama ya figo na presha.

Sasa watafiti wa Buenos Aires wameijaribu kwa panya wenye kongosho lililovimba. Seli za kongosho zina kazi nzito mno, kutwa zinatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na vimeng'enya ni protini, kila moja lazima ikunjwe sawasawa ipate umbo lake ndo itoke. Ugonjwa ukiingia zinakunjwa vibaya, zinarundikana humo ndani, seli inapata stresi, ikizidiwa inajiua yenyewe. Panya waliopewa ANP stresi hiyo ilipungua na kongosho halikuharibika sana.

Mimi naona ijaribiwe kwa binadamu, na wala sio kitu kigeni, Japani wanaitumia hospitalini kwa moyo ulioshindwa tangu miaka ya 1990. Ila taratibu jamani. ANP inashusha presha, na mgonjwa wa kongosho akizidiwa maji yanavuja kwenye mishipa, presha inashuka yenyewe, ndo kazi ya yale madripu yote. Shangazi usiku wa pili alisoma 80 kwa 50, mikono ya baridi, nesi anabadilisha chupa kila saa. Ungemchoma ANP saa ile ungemmaliza. Kwa hiyo waanze na dozi ndogo, mapema, mgonjwa akifika tu na presha yake bado ipo, na mtu akae pale kitandani anampima.