Aliyeingia, Aliyeingizwa na Aliyefunikwa

Ubishi wa uchawi ukianza kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu ambao DM (Dungeon Master) ndiye msimamizi na mwamuzi wake, kuna kauli moja inayoniudhi kuliko kosa lenyewe: "DM ameshasema, tuendelee." Kitabu kimefungwa, hakuna aliyesoma sentensi inayobishaniwa, na mchezaji aliyetumia nafasi yake ya uchawi ya kiwango cha 3 anabaki hajui kama uchawi huohuo utafanya kazi vilevile wiki ijayo. Sipingi kwamba DM ana neno la mwisho. Ninachopinga ni neno la mwisho kutolewa kabla maneno ya uchawi wenyewe hayajasomwa.

Na kusoma siku hizi ni rahisi. Tangu Januari 2023, sheria za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, zile zinazoitwa SRD 5.1, zimewekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Faili yake ni ya bure na inakaa kwenye simu. Uchawi wa Spirit Guardians umo, wa Moonbeam umo, wa Suggestion umo. Ukizisoma taratibu utaona kwamba mengi tunayoyaita utata ni kitenzi ambacho hatukukitazama vizuri. Sisi tunaosoma sheria kwa Kiingereza na kucheza kwa Kiswahili tuna njia nzuri sana ya kukitazama kitenzi hicho, na sielewi kwa nini hatuitumii.

Chukua Spirit Guardians ya kitabu cha wachezaji (Player's Handbook) cha 2014. Mizimu inamzunguka kuhani aliyefanya uchawi huo hadi futi 15 kila upande, yaani miraba 3 kwenye ramani, kwa muda usiozidi dakika 10 maadamu umakini wake haujavunjika. Adui aliyemo ndani mwendo wake unakatwa nusu. Halafu inakuja sentensi inayozua vita: adui anapoingia katika eneo hilo kwa mara ya kwanza kwenye zamu, au anapoanza zamu yake akiwa ndani, anarusha dadu ya kujiokoa kwa Hekima. Akishindwa anakula madhara ya 3d8, yaani jumla ya dadu tatu za pande nane. Akifaulu, nusu yake.

Sasa kuhani anatembea. Zimwi amesimama tuli, na eneo linamfikia pale aliposimama. Je, ameingia?

Kitenzi cha Kiingereza hapo, "enters", hakikuonyeshi nani kamsogeza nani. Kiswahili kinakuonyesha. Zimwi akipiga hatua mwenyewe, ameingia. Akivutwa na Thorn Whip, mjeledi wa miiba wa druidi (mchawi wa maumbile), ameingizwa. Mizimu ikimjia ikamkuta alipo, amefunikwa. Ufafanuzi rasmi uliotolewa kwa sheria za 2014 katika Sage Advice, majibu ya wachapishaji kwa maswali ya sheria, unakata mzizi wa fitina: aliyeingia anaumia, aliyeingizwa anaumia pia kwa sababu kuingia si lazima kuwe kwa hiari, lakini aliyefunikwa haumii papo hapo. Anaumia zamu yake inapoanza, kama bado yumo.

Hapa ndipo wengi wanapokasirika. Wanasema haiingii akilini: mizimu imeshamgusa, kwa nini isimdhuru? Hiyo ni hoja ya fizikia, na uchawi wa mchezo huu haukuandikwa kwa fizikia. Umeandikwa kwa hesabu ya nani ametumia nini ili kupata nini. Tazama hesabu hiyo kwa karibu.

Zimwi ana pointi 59 za uhai. Wastani wa 3d8 ni 13.5. Akiumia mara moja kwa raundi (mzunguko mmoja wa zamu za wote) na kushindwa kujiokoa kila mara, anahitaji raundi 5 kufa kwa mizimu peke yake. Ukiruhusu kufunikwa kuhesabike kama kuingia, kuhani anamsogelea miraba miwili na zimwi anakula 13.5 kwenye zamu ya kuhani, kisha 13.5 nyingine zamu yake mwenyewe ikianza. Jumla ni 27 kwa raundi, na raundi 3 zinamtosha. Madhara yameongezeka maradufu na kuhani hakulipa chochote ila kutembea. Kitendo chake bado anacho: anaweza kupiga rungu, kukwepa au kumponya mwenzake. Tena hapo ni zimwi mmoja. Weka maadui wanane kwenye ukumbi, umpitishe kuhani katikati yao, uone kinachobaki kwa wachezaji wengine kufanya.

Sasa linganisha na kuingizwa. Mpangilio wa zamu ni kuhani, druidi, zimwi. Kuhani amesimama, zimwi yuko futi 25 kutoka kwake. Druidi, akiwa karibu na kuhani, anatumia kitendo chake kupiga Thorn Whip. Lazima kwanza arushe d20 na ampate. Akimpata, zimwi anakula 1d6 na kuvutwa futi 10, anatua futi 15 kutoka kwa kuhani, ndani ya mizimu. Anarusha dadu ya kujiokoa hapohapo. Zamu yake ikianza, anarusha tena. Ni mara mbili zilezile, lakini safari hii watu wawili wameshirikiana, kitendo kizima kimetumika, na shambulizi lingeweza kukosa. Sheria inautuza ushirikiano huo. Ukiigeuza ili kutembea tu kutoe matunda yaleyale, umemnyang'anya druidi sababu ya kuwapo.

Angalia pia neno dogo linalorukwa: sheria inasema "kwenye zamu", haisemi "kwenye zamu yake". Tofauti ni kubwa. Kila zamu ya kila mtu ni zamu mpya. Zimwi aliyeingizwa kwenye zamu ya druidi anaweza kusukumwa nje na kuingizwa tena kwenye zamu ya mtu mwingine katika raundi ileile, na kila mara anajiokoa upya. Kisichowezekana ni kumtoa na kumrudisha mara tano ndani ya zamu moja, maana maneno "kwa mara ya kwanza" yanazuia. DM anayechanganya zamu na raundi atakosea pande zote mbili: atakataa kilicho halali na kuruhusu kisicho halali.

Kosa ninaloliona likifanywa hata na wazoefu ni la kusukuma. Uchawi wa kushambulia wa Eldritch Blast, ukiongezewa uwezo wa Repelling Blast, unasukuma futi 10. Mchezaji anafurahi kumrusha adui mbali na kuhani, kumbe amemtoa ndani ya mizimu kabla zamu yake haijaanza. Adui anaanza zamu yake nje, hajiokoi, haumii, na mwendo wake uko kamili. Kama unataka kusukuma, msukume aliye nje aelekee ndani, au subiri zamu yake ipite.

Moonbeam ya 2014 inafuata kitenzi kilekile. Mwanga wenye nusu-kipenyo cha futi 5, 2d10, na druidi anatumia kitendo chake kuusogeza hadi futi 60. Akiuweka juu ya adui, adui amefunikwa. Haumii sasa. Druidi wengi huona wamedhulumiwa, lakini tazama kinachofuata: zamu ya adui ikifika, bado amesimama palepale, na hawezi kutoka kabla zamu yake haijaanza. Anayeweza kumwokoa ni mwenzake wa kumvuta katikati. Madhara hayakupotea, yamesubiri tu. Kumpa adui 2d10 sasa na 2d10 nyingine baada ya dakika moja ya saa ya ukutani ni kumlipa druidi mara mbili kwa kazi moja.

Kisha kikaja kitabu cha 2024, na hapa sina budi kukubali kwamba waliokuwa wakilalamika walisikilizwa. Spirit Guardians mpya inasema wazi kwamba eneo likiingia kwenye nafasi ya adui, adui anajiokoa. Aliyefunikwa sasa anaumia. Ila waliogeuza upande huu walirekebisha na upande wa pili: kuanza zamu ndani kumeondolewa, mahali pake pamewekwa kumaliza zamu ndani, na kujiokoa ni mara moja tu kwa zamu. Adui aliyefunikwa ana nafasi ya kukimbia kabla ya pigo la pili. Moonbeam nayo imebadilishwa hivyohivyo.

Hatari ni kuchanganya. Meza nyingi zina wachezaji wenye kitabu cha 2014 na wenye cha 2024. Mmoja anachukua "eneo likimfikia" kutoka kipya, mwingine anachukua "akianza zamu ndani" kutoka cha zamani, na kwa pamoja wanatengeneza uchawi ambao haumo katika kitabu chochote, wenye nguvu kuliko yote miwili. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngoma ni mbili. Kabla ya kikao cha kwanza, chagueni kitabu kimoja kwa kila uchawi na muandike jina la uchawi na mwaka wake kwenye karatasi ya mhusika. Ni mstari mmoja tu wa kuandika.

Na maandishi ya 2024 yana tundu lake. Kwa kuwa eneo likimfikia adui linahesabika, na kujiokoa ni mara moja kwa kila zamu, wachezaji wanaweza kumkokota kuhani kila mmoja kwenye zamu yake. Shujaa mwenye mwendo wa futi 30 akimkokota mwenzake anasafiri futi 15. Hiyo inatosha kumpeleka kuhani hadi mizimu imfikie adui, na anayefuata anamtoa na kumrudisha. Watu wanne, adui anajiokoa mara nne kabla hata ya zamu yake. Kwa maandishi, ni halali. Kwa maoni yangu DM alizuie, na alizuie mapema: eneo limjeruhi adui kwa kusogezwa kwenye zamu ya kuhani peke yake. Ni nyongeza ya meza, kwa hiyo itamkwe kuwa ni nyongeza, isivishwe vazi la tafsiri ya kitabu.

Hilo ndilo jambo ninalolijali kuliko yote. Utata ukizuka, mtu mmoja asome uchawi wote kwa sauti, tangu muda hadi sentensi ya mwisho, si ile sentensi inayomfaa. Jiulizeni nani anatenda kitenzi, kwenye zamu ya nani, na mara ngapi. Uamuzi utolewe kabla dadu haijagusa meza, kwa kuwa baada ya namba kuonekana hakuna anayesoma kwa moyo mweupe. Na uamuzi huo uwabane maadui sawasawa: kuhani wa upande wa pili akija na Spirit Guardians, aliyefunikwa ni wewe, na unastahili ulinzi uleule.

Kusoma neno kwa neno hakutoshi kila mara, nakiri. See Invisibility ya 2014, uchawi wa kuwaona wasioonekana, ni mfano mbaya kabisa. Hali ya kutoonekana iliandikwa kwa vipengele viwili: huonekani bila msaada wa uchawi au hisi ya pekee, na mashambulizi dhidi yako yanarushwa kwa hasara, yako kwa faida. Kwa kuwa kipengele cha pili hakikufungwa na cha kwanza, tafsiri rasmi ilikuwa kwamba hata anayekuona waziwazi kwa See Invisibility bado anarusha d20 mbili na kuchukua ya chini. Hapo maandishi yaliuvunja uchawi wenyewe, na DM aliyeyakataa alifanya vyema. Mwaka 2024 wakaongeza kwamba anayeweza kukuona hakupi faida hiyo.

Kwa Magic Missile, uchawi wa kurusha mishale, amueni mapema kama mishale mitatu inarushiwa d4 moja au tatu. Mchawi wa tawi la Evocation wa ngazi ya 10 mwenye Intelligence ya +5 anaongeza +5 kwenye rusho moja la madhara. Rusho likiwa moja kwa mishale yote, hizo ni 15 za ziada badala ya 5.

Suggestion, uchawi wa kumfanya mlengwa afuate ombi lako, inahitaji uangalifu wa namna yake kwetu. Ya 2014 iliruhusu sentensi moja au mbili, ombi lisikike la busara. Ya 2024 imeweka kikomo cha maneno 25, na inataka ombi lionekane linawezekana na lisiwe la kumjeruhi waziwazi mlengwa wala wenzake. Maneno 25 ya Kiingereza si maneno 25 ya Kiswahili. "Nisipokuambia, usiwafungulie" ni maneno 2 kwetu. Kiingereza kinahitaji karibu 10 kusema jambo hilohilo. Kwa maneno 25 ya Kiswahili mlinzi wa lango anaweza kupewa ratiba ya usiku mzima pamoja na masharti yake. Wanaocheza kwa Kiswahili waweke kikomo cha maneno 15. Mchezaji aitamke sentensi yake kamili, DM aiandike kama ilivyotamkwa, na mlinzi aifuate kama ilivyoandikwa. "Tupa upinde wako, rudi kambini, ukalale mpaka asubuhi" ni maneno 8 na inatekelezeka. Haikumwambia asipige kelele njiani, kwa hiyo akikutana na mkuu wake akaulizwa anakwenda wapi, atajibu. Na mmoja wenu akimchoma mshale mgongoni akiwa anaondoka, uchawi umekwisha hapohapo, na upinde wake uko hatua tatu nyuma yake.