Silikanti wa Tanga na ushahidi wa vinasaba

Nashukuru kwa makala yenu kuhusu silikanti, samaki wa kale anayeishi kwenye kina kirefu cha bahari, ila sentensi inayosema kwamba yeye ndiye samaki mwenye undugu wa karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu inahitaji kusahihishwa. Kosa hilo linaeleweka: mimi mwenyewe nilimwona mmoja aliyenaswa kwenye wavu wa jarife pale Kigombe, Tanga, na mapezi yake, yenye shina nene la nyama na mifupa, yalinikumbusha mkono wa mtoto mchanga. Hata hivyo, umbo peke yake linaweza kupotosha. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha mfuatano wa vinasaba vya silikanti, wakalinganisha jeni 251 na za wanyama wengine wenye uti wa mgongo, ikadhihirika kwamba aliye karibu zaidi nasi wa nchi kavu ni kamongo, yule samaki mwenye mapafu anayejichimbia matopeni wakati wa kiangazi. Vinasaba ndivyo pia vilivyoonyesha kwamba silikanti wa Indonesia, ingawa anafanana mno na wetu isipokuwa rangi, ni spishi nyingine. Namwomba mhariri arekebishe, kwa kuwa wanafunzi wetu wa sekondari husoma habari hizi na kuziamini.